Fainali kwa Pua Iliyoziba

Kona ilikuwa imepigwa, kipa wa Reli ameupangua mpira kwa ngumi, mpira umemwangukia kiungo nje kidogo ya boksi, na redioni kulikuwa kimya.

Mitambo haikuwa na hitilafu. Taa nyekundu juu ya mlango wa kibanda ilikuwa inawaka. Mtangazaji alikuwa ameketi palepale, kipaza sauti mbele ya mdomo, macho wazi, na neno halitoki. Ulimi ulikuwa umeganda kwenye kaakaa. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kana kwamba ni yeye aliyeruka na kipa kuugombea ule mpira, lakini kichwa kilikuwa kizito, kimejaa pamba, hakitaki chochote duniani isipokuwa mto.

Mwanamke aliyeketi pembeni yake alimtupia jicho mara moja. Alikuwa nahodha wa zamani wa timu ya wanawake, kila mtu anamwita Kapteni, na kazi yake kibandani ni kuchambua mchezo wakati wa mapumziko na baada ya filimbi ya mwisho. Hajawahi kutangaza mpira unaotembea. Alivuta kipaza sauti chake.

"Naam, wasikilizaji, mpira… umetoka nje. Nadhani. Ndiyo, umetoka."

Nadhani! Kwenye nusu fainali, hewani, nchi nzima ikisikiliza.

Mtangazaji alizinduka, akaokota mechi ilipokuwa, akaifikisha mwisho kwa kuburuza. Majina ya wachezaji yalikuwa yanamteleza kama sabuni. Reli ilishinda na kuingia fainali dhidi ya Viwanda, na yeye hakumbuki vizuri bao lilifungwa kwa mguu upi.

Watu wanamwita Pumzi. Jina hilo alilipata utotoni. Uwanja wa mtaani kwao ulizungushiwa ukuta mrefu. Wenye tiketi waliingia, wasio na tiketi walibaki nje wakisikiliza kelele za watu wengine. Yeye alikuwa mwepesi kuliko wenzake wote, kwa hiyo walimbeba mabegani, wakampandisha juu ya ukuta, naye akawamwagia mechi yote huku chini. Akinyamaza kidogo, walimvuta miguu. "Sema! Nani ana mpira? Sema wewe!" Alijifunza kusema bila kuvuta pumzi kwa sababu kila alipopumua alipoteza kiatu.

Baadaye akauza magodoro kwa gari la matangazo. Alikuwa anapita mitaani na kipaza sauti akitangaza godoro kama mshambuliaji: "Sita kwa sita linapanda upande wa kulia, linampita mteja wa kwanza, mama yule dirishani ametoka langoni!" Siku moja mtu wa redio alikuwa amekwama nyuma ya gari hilo kwenye foleni. Alishuka, akagonga kioo, akamwambia aache magodoro.

Kwa miaka mingi akawa sauti ya pili, mtu wa mechi ndogo, huku mzee mmoja mwenye sauti ya radi akishika fainali zote. Msimu huu mzee alistaafu. Kiti kikawa cha Pumzi. Fainali hii ingekuwa ya kwanza kwake, na tangu apewe habari hiyo alikuwa akitangaza hata chakula cha jioni nyumbani, mpaka mkewe akamwomba afanye walau supu iwe sare.

Tatizo lake ni pua. Majani ya uwanja yakikatwa, anapiga chafya mpaka machozi yanamtoka. Kazini wanamcheka: mwokaji anayepiga chafya akiona unga. Ana mzio, na madaktari walikwisha kumwambia hivyo. Ana presha pia, ambayo kidonge chake anakimeza kila asubuhi kama mtu anayelipa kodi, bila furaha na bila kuchelewa.

Lakini kilichomnyamazisha siku ile hakikuwa pua wala presha peke yake. Lilikuwa benchi.

Kibandani kuna droo moja ambayo watangazaji wote wanaiita benchi. Watu hawa wanaishi kwa koo, na yeyote aliyewahi kuugua mafua aliacha mle dawa zilizombakia, kwa ajili ya mwenzake. Maboksi yalitupwa kwa sababu hayatoshi drooni. Vilibaki vipande vya karatasi za vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, pakiti za unga wa kuchanganya na maji ya moto, chupa za kupulizia puani, na vidonge vilivyolala peke yao chini kabisa, bila jina, bila umri. Sauti ikianza kukwama, unafungua droo na kufanya mabadiliko. Wa kwanza hajafanya kazi? Unamwingiza wa pili.

Asubuhi ya nusu fainali uwanja ulikatwa majani. Pumzi alimeza kidonge cha njano. Kabla ya mechi, pua ikiwa bado imekaza, alikunywa unga wa moto. Wakati wa mapumziko akamaliza na vidonge viwili vyeupe vya chini kabisa. Kwa hesabu yake alikuwa amefanya mabadiliko matatu, kila mchezaji na nguvu zake mpya.

Mtayarishaji wa matangazo alimngoja mlangoni. Wanamwita Bi Ratiba, kwa kuwa hata kicheko chake kina muda wake.

"Unajua tumekaa hewani kiasi gani bila neno?"

"Kidogo tu, bosi."

"Redioni kidogo ni msiba. Watu walianza kuzipigapiga redio zao." Alimtazama vizuri, uso ukalegea kidogo. "Unaumwa?"

"Mafua ya majani tu."

"Mafua hayamfanyi mtu akodoe macho hivyo. Sikiliza. Fainali ni Jumamosi. Nenda kapimwe. Ijumaa mchana uniambie kama utakuwepo wewe, au utaleta mwili tu. Mzee nimeshaongea naye. Anasema amestaafu miguu, koo bado."

Nje, Pumzi alitoa ufunguo wa gari. Kapteni alinyoosha mkono.

"Leta."

"Kapteni, mimi mzima."

"Kona ya uwanjani umekaa juu yake hukuiona. Ya barabarani utaiona wewe? Leta ufunguo."

Aliutoa. Njiani alilala mdomo wazi, na moyo wake, Kapteni alisema baadaye, ulionekana ukicheza juu ya shati.

Nyumbani mkewe alikuwa amesimama katikati ya sebule na redio mkononi.

"Baba Mapacha, ilikufa redio au ulikufa wewe?"

"Mama Mapacha, niache nikae kwanza."

"Kaa. Umemeza nini?"

"Dawa ya mafua."

"Ipi?"

"Hizo za benchi. Ya njano, ya unga, na nyeupe."

"Nyeupe ndiyo jina?" Alikaa naye. "Na ile ya presha ulimeza pamoja nazo? Baba Mapacha, tumbo lako limekuwa kikapu cha sokoni."

Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika mkasi. Mmoja wa mapacha alikuwa na kamasi tangu juzi, na mama yake alikuwa anataka kukata kidonge cha njano kilichobaki mfukoni mwa koti la mumewe, ampe nusu. Alikitazama kidonge, akamtazama mumewe alivyolala kwenye kochi kama gunia huku mshipa wa shingo ukirukaruka, akaurudisha mkasi kabatini.

Asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye duka la dawa. Mfamasia, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa bado anafuta kioo cha kaunta. Pumzi alisalimia. Kitambaa kikasimama.

"Sauti hiyo! Si wewe yule wa jana uliye…"

"Usimalizie, dada."

Akamwaga juu ya kaunta mzigo wa mfukoni aliotoka nao drooni: karatasi ya njano, pakiti tupu ya unga, kidonge kimoja cheupe. Mfamasia alivaa miwani. Aligeuka kwenye rafu, akashusha maboksi mawili mazima, akayaweka moja kando ya karatasi ya njano, jingine kando ya pakiti.

"Nisomee hapa, hii sehemu ya yaliyomo ndani. Kwa sauti, kama unavyojua."

Pumzi alisoma boksi la kwanza. Majina mawili marefu. Akasoma la pili. Majina mawili yaleyale, na la tatu, parasetamoli. Alirudi kwenye la kwanza. Akarudi tena kwenye la pili.

"Dada. Hawa ni walewale."

"Walewale. Huyu mmoja anatuliza mzio: chafya, kuwashwa, kamasi. Ni wa aina ya zamani, analeta usingizi na anakausha mdomo. Huyu wa pili anafungua pua. Anabana mishipa ya damu iliyovimba ndani ya pua, njia inapatikana. Shida yake hachagui mishipa. Anabana na mingine, moyo unakimbia, presha inapanda."

"Kwa hiyo nimemwingiza mchezaji mmoja mara mbili."

"Kwa jezi tofauti."

"Na wale weupe?"

Mfamasia alikigeuza kile cheupe kwa ncha ya kalamu. "Sijui."

"Hujui?"

"Hakina boksi, hakina karatasi, kimefutika maandishi. Mimi niliyesomea sijui. Wewe ulijuaje?"

Mama Mapacha alicheka kwa nguvu mpaka mteja aliyekuwa anaingia akasita mlangoni. Pumzi hakucheka. Ndiyo kwanza alikuwa anauelewa mwili wake wa jana: moyo ulikuwa unafukuzwa na mmoja, kichwa kinalazwa na mwingine, na yeye katikati ameachwa na ulimi mkavu.

"Una presha?" mfamasia aliuliza.

"Ninayo. Namezea dawa."

"Ulimwambia nani kabla ya kumeza hizi?"

"Droo."

Alimkalisha, akamzungushia kitambaa cha kipimo mkononi. Alisoma namba, akakunja uso, akapima mkono wa pili. "Kifua kinauma? Unaona ukungu? Kichwa kinagonga?" Hapana, hapana, kidogo. "Ungesema ndiyo kwenye kifua, nisingekuwa napiga soga na wewe hapa, ningekuwa naita gari. Hata hivyo unakwenda zahanati sasa hivi. Beba na hizi pakiti, daktari azione. Ya presha usiiache. Hizi za mchanganyiko zenye kifungua pua, kwako wewe ni marufuku mpaka daktari aseme vinginevyo. Na mtu akimeza ya usingizi kama hii, asiendeshe gari, asipande ngazi, asinywe pombe juu yake."

"Na huyu wangu mdogo?" Mama Mapacha aliingilia. "Wana miaka mitatu. Nilitaka kumkatia nusu ya ile ya njano."

"Usikate, mama. Kidonge cha mtu mzima ukikigawa hakiwi cha mtoto. Umri huo hawapewi kabisa hizi. Msafishe pua kwa maji ya chumvi ya dukani, mnyweshe vizuri. Akihema kwa shida au homa ikipanda, mlete hospitali, usisubiri."

Pumzi aliinama juu ya kaunta, sauti ikashuka. Hapa ndipo palipokuwa na roho yake. "Dada, Jumamosi nina fainali. Ya kwanza. Na Jumamosi asubuhi watakata majani. Nifanyeje?"

Mfamasia alifikiri. Ilikuwa wazi kwamba yeye pia angesikiliza.

"Kuna dawa ya mzio peke yake, haina kifungua pua ndani. Ya aina mpya, wengi haiwalazi. Wengi, si wote, kwa hiyo daktari akikubali uianze leo usiku, usiianze siku ya mechi. Uone mwili wako unasema nini. Ongeza kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Kuna na ya kupulizia ya kila siku, daktari anaweza kukuandikia, ila inachukua siku kadhaa kushika vizuri. Jumamosi itakuwa bado inapasha misuli moto."

"Pua itafunguka?"

"Chafya zitapungua. Kuziba kutapungua kidogo. Sikudanganyi, unaweza kutangaza na nusu pua."

Nusu pua! Kwa mtu anayeitwa Pumzi!

Daktari alikubaliana na mfamasia karibu neno kwa neno. Alimzuia kufanya kazi hadi presha ishuke, akamrudisha kupimwa kesho yake, na kesho yake tena. Ilishuka. Dawa mpya haikumlaza. Chafya zilipungua kweli, lakini pua ilibaki kama mlango unaokwama: unaingia, ila kwa bega.

Alhamisi alikwenda kwa Kapteni. "Siwezi kushika shambulizi zima," alimwambia. "Nikifika katikati lazima nipumue kwa mdomo, na nikipumua kunakuwa shimo."

Kapteni alikuwa anakula chungwa. "Mimi uwanjani nilikuwa nakimbia na mpira toka goli mpaka goli?"

"Hapana."

"Nilikuwa nafanyaje?"

Pumzi alimtazama, akaanza kutabasamu polepole.

Waliketi sebuleni kwa Pumzi mbele ya televisheni, sauti wameizima, mechi ya zamani inapita, wakarushiana maneno. Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Kapteni alisema "anampa huyu, huyu anampa yule", Pumzi akagaagaa sakafuni kwa kicheko. "Yule ana jina, Kapteni! Msikilizaji hakuoni ukinyoosha kidole!" "Na wewe huoni beki anakuja! Mimi namwona kabla hajaja!" Ilikuwa kweli. Alijua mpira utakwenda wapi kabla mguu haujaugusa. Wakakubaliana ishara: kugusa kiwiko. Ukiguswa, mpira wako. Mapacha walikaa kwenye zulia, wakigusana viwiko na kupiga kelele za goli kwa kila kitu, hata tangazo la sabuni.

Ijumaa mchana alisimama mbele ya meza ya Bi Ratiba. Alimweleza yote: droo, mchezaji mmoja kwa jezi mbili, presha, nusu pua. Kisha akamweleza kuhusu pasi.

"Watu wawili kwenye shambulizi moja," Bi Ratiba alisema. "Hiyo haijafanyika hapa."

"Na kile kimya hakikuwahi kufanyika."

Bi Ratiba aligongagonga kalamu. "Kipindi cha kwanza ni chenu. Mzee atakuwa studio amevaa hedifoni. Nikisikia shimo moja, moja tu, kipindi cha pili ni chake. Na hiyo droo imwagwe leo, kila kitu kipelekwe kwa mfamasia akakiteketeze."

Jumamosi majani yalikatwa. Harufu yake ilipanda ngazi za kibanda kabla ya Pumzi na Kapteni. Pumzi alikuwa amesafisha pua nyumbani, dawa yake ya mzio na ya presha amemeza kwa wakati wake, chupa ya maji iko mkononi. Alipiga chafya mbili mlangoni, akajipangusa, akaketi. Taa nyekundu ikawaka.

Na ilikwenda! Sauti yake ilitokea puani, nzito, kama mtu anayetangaza kutoka ndani ya mtungi, lakini ilikuwa macho, ilikuwa na majina yote. Akafika katikati ya uwanja, akagusa kiwiko. Kapteni akapokea: "Hapa beki amefungwa upande wake dhaifu, atalazimika kurudisha, amerudisha!" Kiwiko. Pumzi: "Kwa kipa, kipa anautuliza, anaangalia kulia…" Kiwiko. Mpira uwanjani na mpira redioni ikawa inakimbia sambamba. Shimo halikuonekana. Kwenye hedifoni Bi Ratiba hakusema kitu, na kwa Bi Ratiba hayo ni makofi.

Mapumziko yalifika bila bao. Pumzi alikuwa amelowa jasho, pua imekaza zaidi kuliko asubuhi. Mtangazaji wa kituo cha jirani alichungulia kutoka kibanda cha pili, kiganja wazi, kidonge ndani yake.

"Pumzi, utakufa na pua hiyo. Chukua hiki kimoja, palepale inafunguka. Mimi nakitumia kila mwaka."

Alikitazama. Kilikuwa kidogo, safi, chenye kung'aa. Kipindi kizima kilikuwa mbele yake, na studio kulikuwa na mzee anayepasha koo.

"Kaka, asante," alisema. "Huyo kwangu ana kadi nyekundu. Na wewe soma boksi lake, hata kama hukuniomba ushauri."

Akanywa maji. Kwenye hedifoni sauti ya Bi Ratiba ilikatiza, fupi: "Kipindi cha pili. Endeleeni."

Kapteni alimpiga bega nusura amwangushe.

Ulibaki muda mchache kabisa. Winga wa Reli, wanayemwita Mkasi, alinyang'anya mpira karibu na boksi lake mwenyewe na kuanza kukimbia, na uwanja mzima ukasimama. Pumzi akaondoka naye. "Mkasi! Amemkata wa kwanza! Anavuka mstari wa kati, yuko peke yake upande wa kushoto, Viwanda wanarudi mbio, Mkasi anamkata wa pili…" Kifua kilikuwa kimekwisha. Pua haikumpa hata tone la hewa. Aligusa kiwiko.

"Asipige!" Kapteni alifoka hewani. "Asipige kutoka hapo, aingie ndani, ndani, beki anateleza, ameteleza! Ameingia! Kipa ametoka mapema mno, lango liko wazi upande wa mbali…" Wakati huo Pumzi alikuwa amefungua mdomo na kuvuta hewa yote ya kibanda, na Kapteni, macho hayatoki uwanjani, alimpiga kiwiko. "Malizia, Pumzi! Malizia!"

"Anapigaaaa! Goli! Goli! Gooooli! Mkasi amewakata wote! Kipa amelala chini, wavu unacheza, Reli imefunga!"

Kibanda kilitikisika. Kapteni alikuwa juu ya kiti. Jirani wa kituo kingine alikuwa amesahau kutangaza, anawatazama wao. Machozi na kamasi vilikuwa vinashindana usoni mwa Pumzi, na kwenye hedifoni Bi Ratiba alikuwa anacheka, nje kabisa ya muda wake.

"Mzee amevua hedifoni," alisema. "Anasema yeye kiti hakitaki tena, mpewe ninyi wawili, pamoja na kila mechi kubwa msimu ujao. Sasa fanyeni kazi, mpira unaanzishwa!"

Pumzi alijipangusa kwa mkono wa shati, akainama kwenye kipaza sauti, na kwa sauti ileile ya mtungi akaendelea: "Reli moja, Viwanda bila, wamejaa mbele wote mpaka beki wa mwisho, mpira mrefu unakuja, Kapteni, wako!"